Msitu Tunaoupita Bila Kushuka

Sisi watu wa Mara tunayo barabara ambayo watu wa nchi nyingine huvuka bahari kuja kuiona, nasi tunaisafiri kwa kusinzia. Mtu akitoka kwetu Kibara akafika Bunda, akapanda basi la Arusha lipitalo mbugani, huingia Serengeti asubuhi, akapita Seronera na kilima cha Naabi, akaanza kupanda nyanda za Ngorongoro, na alasiri akajikuta yumo ndani ya msitu wa mlimani, ukungu umefunika vioo na abiria wanavuta kanga na makoti. Kondakta hupiga kelele kwamba madirisha yafungwe. Madirisha hufungwa, basi huteremka kwenye kona za udongo mwekundu hadi lango la Lodoare, watu wakashusha pumzi kwamba baridi imekwisha na Karatu kuna chai.

Huko juu, karibu na barabara hiyo hiyo, ipo kambi ya wazi iitwayo Simba. Haina ukuta wala uzio. Ni uwanja wa majani kwenye ukingo wa Kreta, umezungukwa na msitu, na katikati yake umesimama mti mmoja mkubwa wa jamii ya mkuyu ambao kivuli chake chatosha kanisa. Lipo jengo la kupikia, lipo la kulia chakula, vipo vyoo na tangi la maji. Anayetaka kulala hapo huja na hema lake, hulipa ada, hulisimamisha hema na kulala. Mgeni wa nje hulipa kwa dola, tena nyingi. Raia hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya anayotozwa mgeni. Haya si siri. Lakini mwulize mtu yeyote wa rika langu hapa Kibara, mwulize mwanawe, mwulize na mjukuu aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri: nani kati yenu aliwahi kushuka pale akalala usiku mmoja? Utaangaliwa kama mtu aliyeuliza nani kati yenu aliwahi kulala mwezini.

Mimi nasema kwamba hii ni aibu, na ni zaidi ya aibu. Ni kasoro katika elimu yetu. Shule iliyo umbali wa safari ya kutwa moja kutoka kwenye msitu ule, ambayo katika miaka saba ya kumlea mtoto haikumlaza huko hata usiku mmoja, haijamaliza kumfundisha jiografia, wala haijamaliza kumfundisha uraia. Nimelisema neno hili katika vikao vya walimu, katika mikutano ya wazazi na mbele ya maofisa, na kila mara nimejibiwa kwa kicheko na hoja zile zile. Kwa kuwa sasa nimestaafu na hakuna tena wa kuniandikia barua ya karipio, nitazijibu kwa urefu ninaoutaka.

Hoja inayopendwa kuliko zote ni kwamba kulala kwenye hema ni mambo ya Wazungu. “Mwalimu,” aliniambia mzazi mmoja, mvuvi mwenye mitumbwi mitatu, “mimi nimejenga nyumba ya bati ili mwanangu asilale nje. Wewe wataka nimlipie akalale nje?” Mkutano mzima ulicheka, nami nilicheka, maana alisema vizuri. Lakini nilimuuliza yeye mwenyewe alilala wapi mwezi uliopita. Alikuwa amelala kisiwani, kwenye kambi ya dagaa, chini ya turubai lililofungwa kwa kamba ya nyavu, majuma mawili mfululizo, akisubiri giza la mwezi ili taa zivute dagaa. Baba yake alilala hivyo hivyo, ila taa yake ilikuwa karabai. Je, mvuvi huyo alikuwa Mzungu kwa majuma mawili?

Lugha yetu yenyewe inatuumbua katika jambo hili. Waswahili wa zamani walikuwa na neno ago, maana yake mahali pa wasafiri kulala njiani, na wavuvi wa pwani huko Unguja na Pemba wanalo neno dago kwa kambi yao ya uvuvi. Mtu haumbi neno kwa kitu asichokuwa nacho. Na neno safari, ambalo leo limechapwa kwenye fulana na mabegi ya dunia nzima, Wazungu walilipata kwetu. Walilisikia vinywani mwa wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma na watu wa pwani, waliotembea miezi kadhaa kati ya bara na Bagamoyo wakijenga maago yao kila jua lilipotua.

Chukua mfano wa Ngorongoro yenyewe. Vitabu husema kwamba Mzungu wa kwanza kufika kwenye ukingo wa Kreta alikuwa Oscar Baumann, Mwaustria, mwezi Machi 1892. Sawa. Lakini Baumann hakupanda mlima ule akiwa na hema mgongoni. Alitoka Tanga na msafara mkubwa wa wapagazi, na wao ndio waliobeba hema, wakakata kuni, wakawasha moto, wakalala kwenye baridi ile bila hema, kisha wakaendelea kuvuka nyika ya Serengeti mpaka wakafika Ziwa upande wetu huu wa Ghuba ya Speke. Na walipofika Ngorongoro walikuta wenyeji, Wamasai, ambao wakati huo walikuwa wakifa kwa njaa baada ya sotoka kumaliza ng'ombe wao. Hivyo usiku ule, kati ya watu wote waliolala ukingoni, Mzungu alikuwa mmoja. Miaka mia na ushei baadaye tunaambizana kwamba kulala pale ni mila yake.

Na si lazima kurudi nyuma kiasi hicho. Kizazi changu kilipita Jeshi la Kujenga Taifa. Tulilala kwenye mahema na mabanda ya nyasi, tukalinda usiku kwa zamu, tukapika kwenye masufuria ya kulisha kombania nzima. Hakuna aliyetuambia kwamba tunaiga. Tulipotoka huko tukawa walimu, na tukasahau kwamba tulijua.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hata leo, kila usiku, Watanzania wamejaa katika kambi ile. Nenda jioni yoyote ya msimu wa wageni, uhesabu. Kila kundi la watalii lina dereva wake na mpishi wake, na mara nyingine msaidizi wa kufunga mahema. Hao wote ni wenzetu. Wanaijua baridi ya pale kuliko mtalii yeyote, wanajua nguruwe mwitu huja saa ngapi, wanajua ni upande gani wa uwanja maji husimama mvua ikinyesha. Mwaka 2003, nilipokwenda na wanafunzi, nilikutana na mpishi mmoja kijana, mtu wa Majita, yaani wa kwetu kabisa. Alipotusikia tunasemezana alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alisema, “Shikamoo Mwalimu. Nimelala hapa miaka tisa. Ninyi ndio wageni wa kwanza ninaowasikia wakiomba chumvi kwa Kijita.” Wanafunzi walicheka sana. Mimi nilifikiri juu ya ile miaka tisa. Mtanzania kambini pale si kitu kigeni hata kidogo. Kilicho kigeni ni Mtanzania ambaye hakuja kumpikia mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu ndipo wazazi wengi hunyamaza na maofisa hupata nguvu. Sitasema kwamba safari ile ni ya bure. Kuna basi la kukodi na mafuta yake, kuna ada za hifadhi mbili, kuna chakula, na mahema yasipoazimwa hukodishwa. Kwa mzazi anayeuza sado mbili za dagaa kwa siku, hizo ni fedha nyingi. Ningekubali hoja hii na kunyamaza, kama si kitu kimoja: mzazi huyo huyo, shule hiyo hiyo, ofisa huyo huyo, kila mwaka wanagharamia kambi. Ndiyo, kambi. Neno hilo sasa limepata maana mpya mashuleni. Ukisikia “watoto wako kambini” usidhani wako msituni au ziwani. Wamefungiwa darasani.

Ndugu msomaji ambaye hukuiona kambi ya mitihani, hebu nikueleze. Miezi michache kabla ya mtihani wa darasa la saba, madawati husukumwa ukutani na watoto huleta mikeka na magodoro yao. Wazazi huchanga mahindi, maharage, kuni na fedha taslimu. Mtoto huamshwa saa kumi za usiku, na taa huzimwa saa nne au saa tano. Katikati ya saa hizo hufanya maswali ya mitihani iliyopita, ya mkoa, ya wilaya, ya tarafa, ya shule jirani, mpaka mkono wake unajua kusiliba herufi kwa penseli kabla kichwa hakijasoma swali. Shule ikifaulisha, hupewa sifa. Isipofaulisha, mwaka unaofuata kambi huanza mapema zaidi.

Hiyo ndiyo kambi tuliyoona inafaa kulipiwa. Nimeona watoto wakitoka humo wamepungua uzito. Nimeona mtoto akijibu sawasawa kwamba msitu huhifadhi vyanzo vya maji, jibu ni herufi C, na mtoto huyo hajawahi kuingia kwenye msitu maisha yake yote, kwa sababu vilima vya kwetu vilikwisha kukatwa kwa kuni za kukaushia samaki na kwa mkaa wa mjini. Ukimwuliza msitu unahifadhije, hunyamaza. Hakuna herufi ya kujibu swali hilo.

Ofisa mmoja, ambaye simtaji na wala sitaji alikuwa wapi, aliwahi kunikatalia kibali cha safari kwa kuandika kwamba “haina tija kitaaluma katika muhula wa mitihani”. Juma lile lile alipitisha michango ya kambi ya kukariri, majuma kumi. Nilipiga hesabu kwa penseli nyuma ya barua yake. Mahindi, maharage, kuni, posho za walimu wa usiku na karatasi za majaribio, kwa jumla, vilizidi gharama ya kuwapeleka watoto wale wale Ngorongoro na kuwarudisha. Fedha tunayo, basi. Ila tumekwisha kuamua inunue nini.

Safari ya 2003 ilifanyika kwa sababu nilikwenda likizo, ambapo kibali kilitolewa kwa shingo upande. Tulikuwa wanafunzi ishirini na sita na walimu watatu, mwezi wa saba, na tuliingia kwa lango la Ndabaka kabla jua halijawa kali. Sitasimulia Serengeti, imesimuliwa vya kutosha na watu wenye kamera. Nitasimulia kupanda. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta uko mita 2,300 na zaidi. Maana yake mtoto wa Kibara, kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni, anapandishwa zaidi ya mita elfu moja juu ya mahali alipozaliwa. Katika kitabu hiyo ni mistari ya rangi ya kahawia kwenye ramani. Pale, mvulana mmoja alinifuata kwa hofu akiniambia anaumwa, kwa sababu kila akipumua anatoa moshi. Nilimwambia apumue tena. Nikawaita wenzake wote wapumue. Somo la mvuke kugeuka matone lilichukua dakika tatu, nami nilikuwa nimelifundisha kwa chaki miaka zaidi ya ishirini.

Watu huniuliza: na hatari je? Kambi haina uzio, tembo huja! Ni kweli, tembo huja. Jioni ile alikuja mmoja, dume, akanyoosha mkonga kwenye tangi la maji kama mtu anayejua bomba la kwao liko wapi. Askari wa hifadhi alitutaka tusimame karibu na ukuta wa jiko, tusikimbie, tusipige kelele, wala tusimmulike tochi. Watoto ishirini na sita walinyamaza kwa muda ambao sijawahi kuupata darasani kwa fimbo wala kwa upole. Tembo alikunywa, akajikuna kidogo, akaingia msituni, na ingawa ni mnyama wa tani kadhaa hatukusikia kijiti kikivunjika. Kambi ina kanuni zake: chakula hakiingizwi ndani ya hema, maana nguruwe mwitu na nyani wana pua, mtu hatoki usiku peke yake, hema hufungwa mpaka chini. Tulizifuata. Punda milia walilala kati ya mahema yetu kama mbuzi wa jirani. Usiku tulisikia fisi, na kutoka mtini tukasikia sauti ya kukwaruza na kulia ya mnyama mdogo aitwaye perere, ambayo ilimfanya msichana mmoja aapa kwamba ni mzuka. Asubuhi niliwahesabu. Walikuwa ishirini na sita.

Ningependa wale wanaosema habari ya hatari waniambie ni wazazi wangapi hapa kwetu wamezika watoto waliozama ziwani, walioumwa na nyoka shambani, au waliogongwa barabarani wakienda shule. Hakuna mtu aliyefunga ziwa. Tunawafundisha kuogelea, au tungepaswa kuwafundisha.

Lakini sababu iliyonifanya nishikilie neno hili hata baada ya kustaafu si tembo, ni maji. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu aliyesimama chini ya mkuyu hakuonekana kutoka jikoni. Hakukuwa na mvua. Uwanjani, mbali na miti, majani yalikuwa na umande tu. Lakini ukisogea ukingoni mwa msitu ulisikia kama mvua ndogo inanyesha ndani yake. Miti ya kule imevaa ndevu ndefu za rangi ya kijivu zinazoning'inia matawini, na ukungu ukipita katika ndevu hizo na katika majani huacha matone, na matone hushuka. Msichana mmoja alitoa kikombe chake cha chai akakikinga chini ya tawi. Baada ya muda alinionyesha maji yaliyofunika tako la kikombe, akauliza, “Mwalimu, mvua hii inatoka mbinguni au inatoka kwenye mti?”

Ningestaafu siku ile kwa furaha. Katika swali hilo kuna jiografia yote ya kaskazini mwa nchi hii. Milima ile inasimama mbele ya upepo unaotoka upande wa bahari, upepo unapanda, unapoa, unaacha maji yake. Na msitu unachana mawingu kama mtu anavyochana pamba, ukiyanyang'anya hata yale maji ambayo yasingeanguka yenyewe. Maji hayo huzama, yakatokea upya chini kwenye chemchemi. Wakulima wa Karatu huyategemea. Msitu mnene ulioko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, pale Ziwa Manyara, hunyweshwa na chemchemi zitokazo kwenye milima hiyo hiyo. Upande wa ndani, chemchemi na vijito hushuka kwenye sakafu ya Kreta, mita 600 chini, na bila hivyo wanyama ambao dunia nzima huja kuwapiga picha wangekuwa mifupa. Mtoto aliyekinga kikombe chini ya tawi hana haja ya kuambiwa na serikali asikate msitu.

Wapo wanaonikumbusha kwamba hata Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, hakuwa mtu wa kwenda kutazama wanyama, na imeandikwa kwamba aliwahi kusema likizo yake asingeitumia kuangalia mamba. Vema. Lakini ni Mwalimu huyo huyo ambaye Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, alitoa lile tamko la Arusha juu ya wanyamapori na misitu, akaahidi mbele ya dunia kwamba urithi huo utatunzwa hadi uwafikie wajukuu wa watoto wetu. Hesabu vizazi. Mimi ni mtoto wa wakati ule. Wajukuu wa rika la wazazi wangu wamekwisha kuzaa, na watoto wao ndio wako darasani Kibara hivi sasa wakisiliba herufi C. Ndio warithi waliotajwa. Ni mrithi gani huyo ambaye hajaonyeshwa shamba? Mtu akirithishwa shamba asilolijua, mwenye kulijua humnyang'anya kwa bei ya soda.

Na ole wa nchi inayotunza msitu kwa ajili ya mgeni tu. Tuliliona hilo juzi. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni 1,527,230. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, walikuja 620,867. Hoteli zilifungwa, madereva walirudi vijijini kulima, wapishi wakaanza kuuza chipsi. Ghafla redio zikaanza kutuimbia “utalii wa ndani”, kama mwenye duka anayewakumbuka majirani siku matajiri walipohama. Ndege ziliporudi, wimbo ukapungua sauti. Aprili 2022 ilizinduliwa filamu ya The Royal Tour, na ilianza kuonyeshwa Marekani. Siipingi, fedha za kigeni twazihitaji. Nauliza tu ni lini ilionyeshwa ukutani kwa shule ya msingi hapa Mwibara, na baada ya kuonyeshwa, basi la kuwapeleka watoto liliegeshwa wapi.

Najua pia kwamba Ngorongoro lina ugomvi mkubwa kuliko huu wangu. Hifadhi hiyo ilipotenganishwa na Serengeti mwaka 1959 ilikusudiwa iwe ya watu na wanyama pamoja. Tangu 2022 serikali imekuwa ikihamishia familia za wafugaji Msomera, Handeni, na wapo waliokwenda kwa hiari na wapo wanaosema hakuna hiari hapo. Mimi si Mmasai na sitamsemea. Ila naona jinsi sisi wengine tulivyo wepesi wa kutoa hukumu juu ya ardhi ambayo tumeiona kupitia kioo chenye ukungu, kwa muda wa saa moja, tukisubiri chai ya Karatu. Mjumbe anayepiga meza kuhusu Ngorongoro angalau angelala huko usiku mmoja kwanza, bila hoteli.

Limebaki swali la mabinti. Huulizwa mwisho, kwa sauti ya chini, na kwa kawaida huulizwa na baba. Alale wapi, na nani, usiku, porini? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mwaka 2003 walikuwako wasichana kumi na mmoja, walilala mahema matatu katikati ya uwanja, mwalimu wa kike katika hema la kati, na taa ya chemli iliwaka nje hadi alfajiri. Baba huyo huyo amewahi kumwacha binti yake majuma kumi katika darasa lenye kufuli moja, ufunguo ukiwa kwa mwalimu kijana, na hakuuliza lolote, kwa sababu palikuwa na mtihani.

Mahema yale hatukuyakodi. Tuliyapata kwa skauti wa zamani, saba, ya turubai zito la kijani, na baada ya safari niliyakabidhi shuleni kwa maandishi. Mwaka juzi nilipita hapo kumsalimia mwalimu mkuu aliyepo, kijana mwenye adabu. Alinionyesha stoo. Matano bado yapo. Mawili yamefunika saruji ya ujenzi wa choo, moja limekatwa kuwa pazia la ofisi, na mawili yamekunjwa jinsi nilivyoyakunja, vigingi vyake vyote vikiwa ndani. Nilivihesabu. Nilimwuliza kama anajua kulisimamisha. Alisema hajui, lakini kambi ya darasa la saba ingeanza Jumatatu, na kama ningependa, ningekuja kuwapa watoto nasaha.

Nilimwambia nitakuja, na nitakuja na nyundo.